Shikamoo Mama Arobaini na Moja

Asubuhi moja nilitoka chumbani kwangu Ifakara kwenda kunywa chai, na chai yenyewe nikaja kuinywa Mbingu. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuta lori limesimama kando ya barabara, limebeba magunia matupu, linaelekea Mchombe kufuata mpunga. Utingo aliniangalia, akaliangalia begi langu la vifaa, akasema, "Mzee, unapanda au unatusindikiza kwa macho?" Swali kama hilo, tangu utoto wangu, sijawahi kulijibu kwa namna nyingine zaidi ya kupanda.

Wanangu mnaoanza kazi hii ya kutengeneza kompyuta, ninyi mna vyeti vya ufundi mmevitia kwenye fremu na kuvitundika ukutani. Mimi cheti changu cha mwisho ni cha ubatizo. Shule niliiachia darasa la tano, baada ya mwalimu kukataa kuifungua redio ya shule ili tumwone anayesema humo ndani. Niliifungua mwenyewe. Ndani hakukuwa na mtu, na tangu siku ile shuleni hakukuwa na redio. Nikaona ni heshima niondoke kabla sijafukuzwa.

Nimestaafu mwaka huu. Hakuna ofisi iliyonistaafisha. Ni vidole, vimeanza kutetemeka vikiona skrubu ndogo. Kiinua mgongo changu ni mgongo huu huu, nao kuinuka hautaki. Lakini kabla sijasahau, nataka niwaambie habari ya kompyuta moja tu, ambayo nilipewa nihamishe vitu vyake kwenda kwenye laptopu mpya. Kazi ya nusu siku. Mimi niliifanya kwa siku tano na bonde zima.

Bonde lote walikuwa wananiita Fundi Masafa. Nilianza na redio, ndiyo maana. Lakini wenye ulimi walisema jina lile ni kwa sababu nikishatengeneza kitu chako, kikiharibika tena mimi niko mbali. Sitawadanganya, kulikuwa na ukweli. Niligundua mapema kwamba fundi anayehamahama hana wateja wenye malalamiko. Anao, ila hawampati.

Pale Mbingu lori lilipata pancha, nami nikashuka kutafuta ile chai niliyoitokea Ifakara. Mama muuza chai aliliona begi.

"Wewe fundi wa nini?"

"Wa chochote kinachokataa."

"Mume wangu anakataa kulima."

"Huyo hana skrubu, mama."

Alicheka, akanielekeza kwa Mwalimu Benedikta, nyumba ya bati jekundu nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kompyuta yake, alisema, siku hizi ikiwashwa majirani wanadhani mashine imeanza kukoboa.

Mwalimu Benedikta alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia. Kabla sijaonyeshwa ugonjwa nilionyeshwa mama yake, Bibi Matilda, aliyekaa kwenye mkeka ukumbini na miguu ameinyoosha mbele.

"Msalimie kwanza, fundi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alisema bibi, kwa sauti ya wazi kabisa, kama mtu ambaye baada ya hapo atakuuliza umetoka wapi na baba yako ni nani. Hakuuliza.

"Ndipo anapoishia," mwalimu akasema. "Mwaka wa pili sasa. Kila neno limeondoka, limebaki hilo."

Kompyuta ilikuwa kona ya ukumbi, ya zamani, yenye kile kioo cha chogo refu nyuma, na juu yake vitambaa vya kufuma vitatu: cha kioo, cha mtambo, na kimoja kidogo cha mausi. Vitambaa vile ni adabu ya nyumba zetu, lakini kwa kompyuta ni kama kumvisha mtu sweta shambani saa saba mchana. Andikeni hilo. Ukifika kwa mteja, kabla hujashika bisibisi, vua vitambaa. Usiseme kitu kuhusu vitambaa, alivifuma mwenyewe. Vivue, vikunje vizuri, umpe mkononi.

Niliufungua mtambo. Pumba za mpunga zilikuwa zimejaa humo hadi feni ilikuwa inazunguka ndani ya godoro. Kulikuwa na mjusi mmoja, mkavu, aliyekufa kwa umeme akiwa na uso wa mtu aliyekuwa anakaribia kuelewa jambo. Hayo yote yanasafishika. Kilichonitisha ni diski, kile kisanduku cha bati kinachotunza kumbukumbu zote. Ilikuwa inagonga, tak, tak, tak. Diski ikianza kugonga, wanangu, inaaga.

"Mwalimu, hii haina muda mrefu."

"Najua. Ili iwake naipiga kofi upande wa kushoto. Kulia haitaki." Akanionyesha boksi juu ya kabati, nalo limevishwa kitambaa. "Mwanangu ameniletea hiyo laptopu tangu Pasaka. Sijaifungua. Nikiifungua hii, ile itajua nimeshaichoka, itakufa kwa hasira."

Msicheke. Nimewaona wahandisi wakiamini mambo ya ajabu kuliko hayo.

"Una vitu gani humo vya kuhamisha?"

"Makorokoro ni mengi. Mitihani ya zamani, taarifa za kigango chetu cha kanisa, kadi za harusi za watu. Hizo hata zikipotea. Cha muhimu kwangu ni Shikamoo Mama tu." Akapunguza sauti, ingawa bibi alikuwa haelekei kusikiliza. "Ni maneno yake. Akili ilipoanza kuondoka nilikuwa nimeshayaandika. Kila Jumapili tukitoka kanisani namsomea. Hasemi kitu, lakini anatulia. Jumapili iliyopita hiyo kompyuta ilizimika mara tatu, na mama akahangaika mpaka jioni. Sina mahali pengine yalipo."

Sasa sikilizeni vizuri, maana kosa langu lilianzia kwenye sikio, halafu ndipo likaja mkononi. Alisema, cha muhimu ni Shikamoo Mama. Nikasikia kitu kimoja. Kiswahili chetu kizuri, lakini jina la namna hiyo halibadiliki likiwa la kitu kimoja au la vitu mia. Nami sikuuliza. Fundi hodari haulizi. Ndivyo nilivyokuwa naamini hadi siku ile.

Hapa lazima nimtaje mwalimu wangu wa kompyuta. Ninyi mnategemea niseme alikuwa mzee mwenye mvi. Alikuwa Zaituni, binti niliyemzidi miaka ishirini, mtoto wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa aliyetoka Kigoma na mama wa Songea. Nilipomfahamu alikuwa na kibanda Ifakara, enzi zile za diski laini ambazo ukiziacha juani zinajikunja kama kambale aliyekaushwa. Mimi nilikuwa fundi redio ninayekufa njaa. Nilienda kuangalia tu kompyuta inafanyaje, nikaangalia miezi minane.

Zaituni alikuwa amelelewa vizuri, kwa hiyo hakuweza kunitukana bila kuniamkia kwanza. Kila asubuhi: "Shikamoo, kaka Masafa." Nikishaitikia marahaba ndipo linafuata: "Nani amechomeka waya huu, ni wewe au ni mbuzi?" Alinifundisha mambo mengi, lakini alirudia moja hadi nikawa silisikii tena: "Nakili, usihamishe. Kunakili ni kuweka pale na huku kukabaki. Kuhamisha ni kung'oa. Mtu mwenye haraka anang'oa." Kisha alirudi Kidatu alikozaliwa, akanialika mara nyingi, nami sikuwahi kwenda. Mtu wa kuzunguka kama mimi, sehemu aliyoalikwa ndiyo haendi.

Basi pale kwa Mwalimu Benedikta nilifanya ujanja wangu. Fundi wa kawaida angefungua folda moja baada ya nyingine. Mwalimu alikuwa na folda kila kona ya mashine ile, zenye majina ya kazi za shambani: Kupanda, Kupalilia, Kuamia Ndege, Kuvuna, Kupeta, na nyingine nyingi. Mimi nikaiambia kompyuta initafutie yenyewe nyaraka zote popote zilipo. Ikaleta orodha ndefu. Ndani ya orodha ile niliona "Shikamoo mama." Chini yake "Shikamoo mama" nyingine. Na nyingine. Nikazihesabu: arobaini na moja.

Nilitabasamu. Nilikuwa nawajua wateja. Mtu akiogopa kupoteza waraka anauhifadhi hapa, anauhifadhi pale, anauhifadhi na kule, mwishowe ana barua moja ya kuomba ruhusa mara kumi na nane. Nikasema moyoni, mwalimu wa watu, amehofia kweli. Nikazikamata zote kwa pamoja, na kwa kuwa diski ilikuwa inagonga na chai ya mwalimu ilikuwa inapoa, sikunakili. Nilihamisha. Niling'oa zote kwa mkupuo mmoja, nikazipeleka kwenye folda moja ndani ya flashi yangu.

Mashine ikasita. Ikaniuliza, kwa kile Kiingereza chake cha karani, kwamba huko niendako tayari kuna kitu chenye jina hilo hilo, je, nikifute niweke hiki? Ikanipa na kitufe cha kujibu ndiyo kwa zote, nisisumbuliwe tena. Salamu ni salamu, nikasema. Nikabonyeza ndiyo kwa zote.

Kidole changu kimefanya mambo mengi maishani. Kimewahi kunaswa na umeme, kimewahi kukatwa na bati. Hakijawahi kufanya kazi kubwa kama ile kwa muda mfupi kama ule.

Nikatoa laptopu kwenye boksi, nikaiwasha, nikaweka vitu mahali pake, nikamwita mwalimu. Alikuja na kiti, akamsogeza na mama yake karibu, kama watu wanaokwenda kuangalia mpira. Aliigusa kibodi mpya kwa ncha ya kidole.

"Haipigi kelele."

"Haitapiga, mwalimu. Na umeme ukikatika hii haizimiki, ina betri yake. Ile ya zamani ilikuwa inakufa kila umeme ukikonyeza."

"Haya. Nifungulie Shikamoo Mama."

Nikafungua. Juu iliandikwa: Shikamoo mama. Chini yake: Marahaba. Kisha maneno ya Bibi Matilda kuhusu mtu aliyeazima mchi wake mwaka wa mafuriko akaurudisha umepasuka, akasema ulikuwa umepasuka tangu awali. Mwalimu alisoma mistari mitatu, akatabasamu.

"Hii ni ya mchi. Nifungulie ile ya ndege, ndiyo anayoipenda."

"Ile ya ndege?"

"Alivyokuwa anaamia ndege shambani akiwa msichana. Iko kwenye Kuamia Ndege. Kila siku niliyokaa naye niliandika ya siku hiyo. Ziko arobaini na kitu."

Wanangu, nilirudi kwenye folda, nikakuta waraka mmoja tu. "Lakini, mwalimu, zote zina jina moja."

"Mimi sijazipa jina. Ukimaliza kuandika, kompyuta yenyewe inachukua mstari wa kwanza inaufanya jina. Mimi nabonyeza tu ikubali, kila moja kwenye folda yake." Akanitazama juu ya miwani. "Sasa mstari wa kwanza ungekuwa upi? Nikae na mama yangu mzazi, nianze tu kumwuliza habari za ndege kama polisi?"

Ndiyo hivyo. Kompyuta ilitengenezwa na watu wanaoanza barua kwa jambo lenyewe. Ikafika Mbingu, kwa watu ambao jambo lenyewe haliwezi kuanza hadi mkubwa aamkiwe. Katikati yao wakaniweka mimi, niliyeziona salamu arobaini na moja nikadhani ni moja.

"Nyingine ziko wapi, fundi?"

"Zinakuja, mwalimu," nikasema. "Zinasafiri polepole."

Mimi niliingiza kichwa ndani ya ule mtambo wa zamani nikijifanya natafuta kitu, na yule mjusi mkavu tukatazamana. Sasa nilimwelewa. Nikatoa kichwa nikasema diski hii inahitaji kifaa fulani ambacho hapa hakipo, ni lazima niipeleke mahali, nitarudi.

"Lini?"

"Kabla ya Jumapili."

"Leo Jumatano," alisema. Akaingia ndani, akarudi na khanga kuukuu, akaifunga diski kwa mikono yake, kwa uangalifu ule wa kufunga mtoto. Kisha akasema, kwa upole mkubwa, "Begi lako la vifaa liache hapa. Zito, litakuchosha njiani."

Kwa miaka yote ile sikuwahi kuliacha begi langu hata nikienda chooni. Nikaliweka chini. Mwalimu aliyefundisha watoto miaka yote ile anamjua aliyemwaga wino, hata kama amekaa juu ya doa.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia mama yake nikitoka, maana sikujua niseme nini.

"Marahaba," akasema Bibi Matilda.

Njia nzima ya kurudi Ifakara nilikuwa nawaza. Siwezi kuwadanganya kwamba nilikuwa nawaza mema. Nilikuwa nawaza kwamba bisibisi zinauzwa kila mji. Nilikuwa na jina la utani tu pale Mbingu, na dunia ni pana. Nilikwisha kuacha nyuma yangu televisheni tano, redio zisizohesabika na jiko moja la umeme lililounguza nyumba ya kuku. Lakini vyote vile vilikuwa vitu. Kilichokuwa mapajani kwangu ndani ya khanga kilikuwa sauti ya mtu ambaye bado yu hai na hawezi tena kuirudia. Na kila gari lilipopita shimo nilikuwa naikumbatia diski ile kama nilivyotakiwa kuifanya tangu asubuhi.

Jambo moja nililolifanya sawasawa siku ile, nalo liandikeni kwa wino mwekundu: niliizima mashine papo hapo na sikuiwasha tena. Kitu kikifutwa kwenye diski hakitoki mara moja. Kinakuwa kama shamba lililoachwa. Mipaka imefutika lakini mpunga wa mwaka jana bado umo unachipua wenyewe. Anayekuja kuua ni yule anayelima juu yake. Ukigundua umekosea, usihifadhi kitu, usisogeze kitu, usijaribu kurekebisha. Zima, mikono nyuma, tafuta anayekuzidi.

Anayenizidi alikuwa Kidatu. Alhamisi asubuhi nilipanda basi la kwanza.

Zaituni alikuwa sasa ana duka lenye mlango wa kioo, karibu na stendi, na mashavu yaliyojaa. Alipoona naingia na kibunda cha khanga alisimama.

"Shikamoo, kaka Masafa."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Umezaa?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu, maana kumficha Zaituni ni kumficha daktari kidonda. Alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia kidogo, kisha akakasirika.

"Nilikuambia nini?"

"Nakili, usihamishe."

"Miezi minane nilikuambia. Hata kasuku angekuwa amefungua ofisi."

Alichomoa vitu kadhaa, akaunganisha diski yangu na laptopu yake kwa waya, akaweka programu ya kufukua vilivyofutwa. Mshale wa kuonyesha kazi imefika wapi ukaanza kutembea kwa mwendo wa konokono mwenye mawazo. Dakika kumi hazijapita, umeme ukakatika. Mtaa mzima kimya, feni zote zikasimama.

"Kidatu hapa?" nikauliza. "Si ndipo umeme unapozaliwa? Bwawa si lile pale?"

"Mganga hajigangi," alisema Zaituni, bila kuinua macho. "Unazaliwa hapa, unakwenda kusoma Dar." Laptopu yake iliendelea kuwaka kwa betri, na kibetri cha akiba alichokuwa nacho mezani kikaishikilia diski. Hapo ndipo nilipoelewa kikamilifu kwa nini mtu aache kompyuta yake ya chogo anunue laptopu. Nilikuwa nimewaeleza wateja faida zake kwa miaka, lakini sikuwahi kumwomba Mungu asilimia za betri moja moja.

"Itachukua muda gani?"

"Diski inagonga, kwa hiyo tunakwenda taratibu. Kesho jioni. Labda Jumamosi. Labda haitoki kitu, kaka."

Najua vijana hamna subira, kwa hiyo niruke mbele niwaambie. Zilitoka thelathini na nane. Na ile ya mchi, kwa hiyo thelathini na tisa. Ila majina hayakurudi. Programu ilizipa namba tu, na ukifungua yoyote, mstari wa kwanza: Shikamoo mama. Hakuna njia ya kujua ipi ni ipi ila kusoma. Mimi niliyeikimbia shule darasa la tano nilikaa kwenye kiti cha Zaituni Jumamosi nzima nikisoma kurasa nyingi kuliko nilizowahi kusoma maisha yangu yote. Nilimsoma Bibi Matilda akigombana na marehemu, akikosoa ndoa za watu, akieleza namna ya kupiga debe la kufukuzia ndege kwa mapigo yanayobadilika, kwa sababu ndege wakishaujua wimbo wako wanakula nao. Ile ya ndege ilirudi nusu. Ilikatika katikati ya sentensi.

Jumapili mchana nilikuwa Mbingu, na kabla ya kukaa nilisema, "Mwalimu, nilizifuta."

"Najua. Uliposema zinasafiri polepole nilijua." Akanivutia kiti mbele ya laptopu. "Kaa. Andika majina."

Nikakaa, nikawa nasoma kwa sauti na kuipa kila moja jina lake, yeye akisahihisha herufi zangu. Tulipofika ile ya ndege aliisoma mwenyewe, akimgeukia mama yake, hadi pale ilipokatika: "...basi nikaliacha debe chini, nikashuka kwenye kichanja, nikamwona..." Hakukuwa na zaidi.

Bibi Matilda akageuza kichwa. "Halafu?" akasema.

Lilikuwa neno la pili kwa miaka miwili. Sijui alimwona nani, wala hatutajua, na mwenye lawama ni mimi. Lakini mwalimu alilia na kucheka kwa pamoja, na baadaye akanirudishia begi langu likiwa limefunikwa kitambaa kipya cha kufuma. Sikusema kitu kuhusu kitambaa.

Hayo ni ya Jumapili. Alhamisi ile mimi nilikuwa sijui lolote. Nilikuwa mji nisiokuwa na kitanda, sina begi, na mshale kwenye kioo cha Zaituni ulikuwa haujafika hata robo. Alinifukuza dukani kwa heshima, akisema nikiendelea kuutazama ule mshale nitautia kijicho. Nikaenda kutafuta pa kulala.

Nilipata nyumba ya wageni nyuma ya soko, yenye ua wa saruji na harufu ya miwa iliyochomwa ikitoka mashambani. Mapokezi alikaa mama mmoja akichambua mchele kwenye ungo, na pembeni yake daftari kubwa la wageni.

"Karibu, baba. Mizigo?"

"Sina."

Alinitazama kwa mashaka, kama inavyostahili. Akanisukumia daftari na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Ninyi mnazijua safu zile: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Nimejaza madaftari ya namna ile kuliko mtu yeyote bondeni. Jina huwa naandika la kweli. Kazi naandika fundi. Utokako naandika. Lakini safu ile ya mwisho, uendako, kwa miaka thelathini nilikuwa nachora kistari tu, au naandika mji wowote unaokuja kichwani, kwa sababu sikuwa najua, na kwa sababu sikutaka mtu mwingine ajue.

Nilishika kalamu. Nikafikiri bisibisi zinauzwa hata hapa sokoni, nimepita nikaziona. Barabara ya kwenda Mikumi iko pale, mabasi yanapita mchana kutwa.

Nikaandika. Mama wa mapokezi akaligeuza daftari alisome, akaweka ungo chini.

"Umetoka Mbingu, unakwenda Mbingu?"

"Ndiyo."

"Baba, sisi wengine tunahangaika kila Jumapili tufike huko mara moja. Wewe umefika, ukatoka, na unarudi tena?"

"Nimesahau kitu," nikasema.

Akacheka, akanipa ufunguo. "Chumba namba tatu. Ndoo ya maji iko mlangoni."